Saa Moja Chini ya Meza za Kahawa

Saa sita na dakika tano mchana, siku ya Jumanne, Kapita alilala chali chini ya meza ya kuanikia kahawa, akajifunika macho kwa kipande cha kitenge. Hakuna mwenzake aliyelala. Wanawake wapatao thelathini waliendelea kusimama, vidole vyao ndani ya kahawa mbichi, na wote walijua kwamba hadi jana yake saa ile ilikuwa saa yao ya kulala. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha mashine, nikikaza mkanda. Nilimwona meneja akitoka ofisini, akaenda kusimama juu ya yule mama kama mtu anayetazama gunia lililoanguka kutoka kwenye lori.

Nimejaribu kuandika habari hii nikiwa nimetulia, nikashindwa. Basi naiandika na hasira yangu.

Kapita, huku kwetu, ni msimamizi wa vibarua, na kwa kawaida ni neno la mwanaume. Yeye alikuwa mwanamke aliyekwisha kupita miaka sitini, mfupi, mwenye mabega mapana, na kila mtu, hata meneja, alimwita hivyo. Alisimamia meza za kuchambulia katika kituo cha kuoshea kahawa kilichoko bondeni, upande wa Itaba, mkoani Gitega, Burundi. Mimi nilikuwa fundi wa mashine ya kumenya. Sikupelekwa shule ya ufundi. Nilijifunza kwa kufungua mashine zilizokufa na kwa kusoma vitabu vya maelekezo vya Kifaransa nikiwa na kamusi kando. Nilifanya kazi karibu naye misimu saba.

Lazima nieleze kazi yenyewe, maana bila kazi ugomvi huu hauna maana. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa, inamwagwa mbichi juu ya meza ndefu za waya zilizo kivulini. Hapo wanawake wanasimama pande zote mbili na kutoa punje mbovu: iliyotobolewa na mdudu, iliyokatwa na mashine yangu, iliyoingia weusi. Ubovu huo unaonekana wakati punje ina maji. Ikikauka, ganda linaficha kila kitu. Mchambuaji ana saa chache tu za kuona. Vidole vinaokota, lakini jembe la kazi ile ni jicho.

Hilo ndilo alilolijua Kapita na ndilo alilolisemea maisha yake yote pale. "Mguu ukichoka unakuambia," alisema. "Mgongo ukichoka unapiga kelele. Jicho likichoka halisemi. Linakudanganya tu. Linakuonyesha punje nzuri, kumbe ni tundu."

Kwa hiyo alikuwa na sheria yake. Saa sita kamili aligonga sufuria, wanawake wakanawa, wakala haraka maharage yao na ndizi, kisha wakaingia chini ya meza zile za waya. Mahali hapo palikuwa pa baridi kuliko popote kituoni, kwa sababu juu kulikuwa na kahawa yenye maji na chini majani makavu. Walilala chali, kila mmoja na kitambaa machoni, bila kuongea, mpaka saa saba. Ukipita wakati huo uliona safu za miguu mitupu tu, na mtu asiyejua angeshtuka.

"We! Funika macho!" ungemsikia akimkemea mgeni. "Unaangalia nini huko juu? Mbingu zimeanikwa?"

Aligombeza kwa Kiswahili siku zote. Alikulia Tanzania, kwenye kambi za wakimbizi, akarudi nchini amani ilipokuja, pamoja na mabati mawili, godoro na baiskeli isiyo na mnyororo. Nusu ya wanawake wa meza zile walirudi kama yeye. Kirundi alikiweka kwa ajili ya salamu na misiba. Ukisikia Kapita anakwambia jambo kwa Kirundi, ulijua amekuonea huruma, na ukaanza kuogopa.

Nilimwuliza wakati mmoja aliitoa wapi sheria ile ya kulala. Nilitegemea aniambie ni mzungu fulani wa zamani aliyemfundisha. Akasema ni kambini.

"Mlikuwa mnapumzika sana kambini?"

"Fundi, we huelewi. Kule tulikaa. Miaka na miaka tumekaa mlangoni, hatuna shamba, hatuna kazi, tunangoja unga. Hatukupumzika hata siku moja. Niliporudi nikalima kutwa nzima, nikalala, nikaamka, nikashangaa: kumbe huku ndiko kupumzika! Kukaa bila kazi ni kitu kingine."

Nimesoma vitabu kadhaa baada ya hapo na sijaona mahali swali hili lilipojibiwa kwa maneno machache zaidi.

Lakini msimu wa simu ulifika, na hapo ndipo sheria yake ilipopata mpinzani. Mpinzani huyo aliitwa Adelina, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwepesi wa vidole na wa ulimi uliochanganya Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, ambaye mume wake alikuwa amebaki Tanzania akitafuta kibarua. Adelina alinunua simu ya kioo, ya mtumba, yenye ufa pembeni. Saa sita ikifika aliingia chini ya meza kama wenzake, akalala chali kama wenzake, ila machoni mwake hapakuwa na kitambaa. Palikuwa na mwanga. Kidole gumba kilikuwa kinasukuma juu, kinasukuma juu, video fupi moja baada ya nyingine: mtu anaanguka kwenye tope, harusi, mchungaji, ng'ombe, mtu mwingine anaanguka.

"Zima," Kapita alimwambia.

"Mais Kapita, mi niko napumzika hivi. Kichwa ni yangu, siyo yako."

"Hiyo si kupumzika. Hiyo ni meza nyingine. Unachambua huko, kisha unakuja kuchambua huku."

"We unalala kama maiti, mi nacheka. Nani iko anapumzika kupita mwenzake?"

Wanawake walicheka chini ya vitambaa vyao, na meza zikatikisika.

Kapita hakuacha mambo yapite. Siku moja aliamua kumpima. Saa saba ilipogonga alimwaga mbele ya Adelina viganja viwili vya kahawa nzuri, ambamo yeye mwenyewe alikuwa amechanganya punje tatu mbovu. "Haya, jicho lako lililopumzika, litafute." Sote tulisogea. Adelina alizipata zote tatu kabla Kapita hajamaliza kukunja mikono. Kisha akatoa ya nne, ambayo Kapita hakuiweka.

"Na hii je, Kapita? Ulikuwa umelala?"

Sijawahi kusikia kituo kile kikicheka namna ile. Kapita aliichukua punje ya nne, akaigeuza juani, akasema neno moja tu, "Kesho," akaondoka. Kesho yake hakupima tena. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu jaribio moja halithibitishi kitu, wala kwa upande wake wala kwa upande wa Adelina.

Alikuwa na mambo yake yanayogongana. Aliyehubiri kupumzika hakupumzika Jumapili. Akitoka misa kanisani Mushasha alirudi na kapu la nguo za kushona za watu. Alikataza mazungumzo saa ile, lakini yeye mwenyewe, chini ya kitenge chake, alisali rozari, na ungeona vidole vikitembea. Adelina aliliona hilo. Hakukuwa na jambo ambalo Adelina hakuliona.

"Na hiyo rozari, Kapita, si simu ya Mungu? Kidole iko inasukuma tu!"

Nilidhani Kapita atawaka. Alifikiri kwanza, kitenge bado machoni.

"Wewe unasukuma ili uone kinachofuata," alisema. "Mimi kinachofuata nakijua. Ni Salamu Maria ileile."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko mengi niliyosoma. Kichwa kinachongoja kitu kipya kila sekunde kiko kazini, hata kama mwili umelala juu ya majani. Kinasahau uchovu, na kusahau ni raha, sikatai. Mtu aliyesimama tangu alfajiri ana haki ya kucheka mtu akianguka kwenye tope. Lakini uchovu uliosahauliwa uko palepale, unakungoja kwenye meza.

Sasa nafika kwenye kosa, na kosa lilikuwa la Kapita.

Aliamua kukusanya simu. Saa sita alipita na ndoo ya plastiki, kila mwenye simu akatumbukiza yake, kisha ndoo ikafunikwa kwa ungo mpaka saa saba. Wengi walitii. Adelina alitii kwa kununa. Siku ya tatu Kapita alichukua ndoo nyingine, moja ya zile za kuoshea, akaipitisha kwa haraka bila kuitazama ndani. Kulikuwa na maji chini, karibu kiganja kimoja kwenda juu. Simu ya kwanza kutumbukizwa ilikuwa ya Adelina.

Ilikufa. Na ndani yake kulikuwa na sauti za mume wake, zile jumbe alizomtumia kutoka Tanzania, ambazo Adelina alizisikiliza kila asubuhi kabla ya kazi. Hakuwa na nakala. Alikaa kwenye mfereji, simu mkononi, akiikamua kama kitambaa.

Kila mtu wa huku anajua kosa la namna hiyo linavyomalizwa. Hakuna haja ya mahakama, wala hakuna anayedai bei ya simu. Mkosaji anakwenda jioni kwa aliyemkosea na mtungi wa pombe ya ndizi, mnakaa, mnatia mirija miwili ndani ya mtungi mmoja, mnakunywa, na neno la kuomba radhi linaweza lisitamkwe kabisa. Basi. Mtungi mmoja. Nilimwambia Kapita siku ileile: "Mpelekee pombe."

"Mimi? Nimpelekee pombe mtoto aliyekuwa anavunja sheria?"

"Simu umeua wewe."

"Maji yameua. Mimi sikuweka maji."

"Kapita, mtungi mmoja tu."

"Fundi, rudi kwa mashine yako."

Hakupeleka. Zikapita siku nne. Mtu aliyekosewa ambaye haletewi pombe analazimika kwenda kusema mahali, vinginevyo kijiji kinamwona hana maana. Adelina akaenda kusema kwa meneja, na wenzake watatu wakamsindikiza.

Meneja alikuwa kijana wa mjini, mwenye kuchomeka Kifaransa katika maneno yake, na mwenye shati safi hata wakati wa matope. Mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi na kibanda changu kiko mkabala, kwa hiyo nilisikia.

"Shefu," Adelina alisema, "Kapita iko anatunyima kupumzika. Sisi tunapumzika na simu. Simu ndiyo kupumzika kwetu."

"Simu ndiyo kupumzika kwenu?" meneja aliuliza tena, polepole.

"Ego, Shefu. Ndiyo hiyo."

"Wote mnasema hivyo?"

Wale watatu wakaitikia. Mtu wa huku hapingi mbele ya mkubwa. Anaitikia, kisha anatengeneza mambo njiani. Niliona uso wa meneja. Nilimwona akipokea zawadi.

Jumatatu iliyofuata alituita sote mbele ya meza.

"Bon. Mmeniambia wenyewe kwamba simu ni mapumziko. Nakubali. Mimi siyo adui wa maendeleo. Kuanzia leo Kapita hakusanyi simu." Wanawake walipiga makofi. Adelina alimtazama Kapita. "Lakini mimi pia nina macho. Mnashika simu asubuhi mkingoja mizani. Mnashika mkienda chooni. Mnashika kahawa ikiteremka kwenye mfereji. Donc, mapumziko yenu mnayachukua kidogo kidogo, kutwa nzima. Sasa saa nzima ya mchana, hiyo ni ya nini tena? Kuanzia kesho, saa sita kasoro robo mnakula, saa sita kamili tunaendelea."

Makofi yaliisha. Kapita akasonga mbele.

"Shefu, hawa wamekosea neno. Simu si kupumzika."

"Wamesema wao."

"Wamesema kwa sababu yangu. Nimewakosea mimi. Niadhibu mimi, saa uiache."

"Kapita, we umesema simu siyo mapumziko. Wao wamesema ni mapumziko. Wao ni thelathini." Akacheka kidogo. "Hiyo ndiyo demokrasia."

Mimi nikasema kutoka nyuma kwamba meno ya mashine hupoa kati ya mzigo na mzigo, na hakuna anayeyahesabia kupoa huko kama hisani. Meneja akaniambia nikaangalie hayo meno, maana juzi yamekata punje nyingi. Kweli yalikuwa yamekata.

Ndiyo sababu Jumanne, saa sita na dakika tano, Kapita alilala peke yake. Alikwisha kula. Aligonga sufuria kama kawaida, akangoja, hakuna aliyeondoka mezani. Akaingia chini ya meza aliposimama Adelina. Miguu yake ilitokeza nje karibu na miguu ya Adelina.

"Kapita, toka," Adelina alinong'ona. "Toka, mama, Shefu anakuja. Toka, nakuomba."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama. Kapita alivuta kitenge machoni. Vidole vyake havikuwa na rozari; vilikuwa vimetulia kifuani. Meneja alifika, akasimama, akamwita mara mbili, kisha akatoa simu yake mwenyewe na kumpiga picha. Alisema picha hiyo ni ushahidi wa kibarua aliyelala kazini. Wanawake thelathini walitazama kahawa. Saa saba kamili Kapita aliamka, akakunja kitenge, akaenda ofisini kabla hajaitwa, akatoka bila kazi.

Msomaji atangoja nimwambie kwamba kahawa ya msimu ule iliharibika. Haikuharibika. Ingeharibika ningeandika kurasa hizi kwa furaha. Ilipita vizuri, ikapakiwa, ikaenda, meneja akapandishwa cheo. Wanawake walirudi nyumbani na macho mekundu na vichwa vinavyogonga, wakasukuma simu usiku kwa sababu hawakuwa na nguvu ya jambo lingine, na asubuhi wakasimama tena. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Tumezoea kutetea mapumziko ya mtu kwa kusema yataongeza mavuno, kana kwamba yasipoongeza basi anyimwe. Saa ile ilikuwa yao hata kama punje zote mbovu za Burundi zingepita. Na swali la kama kuperuzi ni mapumziko, ambalo nasikia wenye viti vya ofisini wanajadili redioni na kukemea uvivu wa vijana, lina jibu jepesi: uliza ni nani anayenufaika ukisema ndiyo.

Nilikwenda Muyinga mwaka juzi kufunga mashine katika kituo kingine. Nilipomaliza niliazima baiskeli nikaenda Giteranyi, ambako nilikuwa nimesikia Kapita amerudi kwenye kipande cha shamba la kaka yake, karibu na njia za miguu zinazovuka kwenda Tanzania. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mkononi alikuwa na simu ya kioo. Kidole gumba kilikuwa kinasukuma juu.

Nilisimama pale na baiskeli ya watu, na hasira yote ya misimu yote ikanipanda, safari hii kwake.

"Kapita! Na wewe?"

Akainua macho, akanitambua, akacheka mpaka akakohoa. "Karibu, fundi. Keti. Tazama huyu, ameanguka kwenye tope na suti."

"Ulituambia si kupumzika."

"Si kupumzika." Akaigeuza simu, kioo chini, juu ya mkeka. "Kwani nilisema ni sumu? Nilisema si mapumziko. Pombe si chakula, na watu wanakunywa."

Nilikaa. Alinieleza kwamba mchana anashindwa kulala siku hizi. Akifunika macho anaona ile meza, na miguu imesimama. Simu inamzuia asiione. "Nikiwa na nguvu nitalala," alisema. "Sasa hivi nasahau tu. Ni kitu kingine, ninajua ni kitu kingine."

Kisha akauliza habari za Adelina. Nikamwambia bado yuko mezani, mume amerudi.

"Ningepeleka pombe," alisema, na alisema kwa Kirundi.

Angepeleka, na leo safu zile za miguu mitupu zingekuwa chini ya meza.

Nilipoinuka kuaga akanishika mkono wa shati. Alitaka kujua kama ile siku yake imelipwa. Sikuelewa. Ndipo nikajua kwamba walipomlipa siku ya kumwachisha kazi walikata Jumanne ile yote, tangu alfajiri alipofungua maturubai hadi alipokunja kitenge, kwa ajili ya saa moja aliyolala. Alikuwa ametuma watu mara nyingi kuuliza. Nilimwahidi nitauliza, nikauliza, na meneja mpya akanitazama kama mtu aliyeleta mzaha. Nilipomtumia fedha hizo kutoka mfukoni mwangu alizirudisha siku ileile kwa simu ileile, na ujumbe wa sauti: "Fundi, si wewe ninayekudai."

Hazijalipwa. Ni faranga elfu tano.